Tanuri la samaki huchaguliwa sokoni, si kwa fundi

MTU anayeishi kwa kubanika samaki hupoteza fedha sehemu tatu kabla hajafika sokoni: kwenye kuni, kwenye samaki wanaoungua na kuvunjika, na kwenye samaki wanaoonekana wakavu kwa nje huku ndani wakiwa bado na maji. Tanuri jipya laweza kupunguza hasara hizo zote. Laweza pia kuongeza nyingine, iwapo mtaji utazikwa kwenye tofali na waya ambavyo haviendani na samaki wanaopatikana wala na wateja waliopo.

Kazi hii inalisha kaya nyingi nchini. Katika mialo ya Ziwa Victoria hubanikwa sangara pamoja na vichwa vyake. Kigoma kuna migebuka, na kwenye mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu kuna perege na kambare. Mahali ambapo barafu haifiki, moshi ndio unaomwezesha mchuuzi kulala na mzigo bila kuuza kwa bei ya kutupa.

Anayetaka kuacha kichanja cha zamani leo ana njia kadhaa. Yupo fundi atakayempasulia pipa, yupo atakayemjengea tanuri la Chorkor, na ipo teknolojia mpya zaidi inayojulikana kwa jina la FTT-Thiaroye. Kila moja ina mahali pake. Swali la kwanza, hata hivyo, si tanuri lipi ni zuri. Swali ni samaki huyo ataliwa lini, wapi na nani.

Jua kwanza unauza samaki wa aina gani

Samaki mbichi ana maji yanayokaribia robo tatu ya uzito wake. Kwa hiyo katika kilo 100 za samaki waliokwisha kupasuliwa na kusafishwa, kitu kikavu ni kama kilo 25 tu, na kilo 75 zilizobaki ni maji. Kazi ya tanuri ni kuyatoa maji hayo, na kiasi kinachotolewa ndicho kinachogawa biashara hii katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni samaki wa moshi laini, anayebanikwa kwa saa moja au mbili. Huyu ameiva lakini bado ana maji ya nusu ya uzito wake, hivyo kilo 100 za mbichi humwachia mchuuzi kilo 50 hivi. Analika vizuri, ila hudumu siku moja hadi tatu tu. Soko lake ni la karibu: mama lishe, baa, minada na wapita njia wa stendi.

Fungu la pili ni samaki mkavu wa moshi, anayekaa motoni saa 10 hadi 18, na pengine zaidi kwa samaki wakubwa. Maji yake hushuka hadi asilimia 15 au chini ya hapo. Akihifadhiwa mahali pakavu hukaa miezi kadhaa, na huyu ndiye anayeweza kusafiri kutoka soko la Kirumba jijini Mwanza hadi nje ya mipaka, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lakini kilo zile zile 100 sasa zimebaki 29 tu.

Tofauti hiyo si ndogo. Ikiwa kilo 50 za samaki laini zimegeuka kuwa kilo 29 za mkavu, basi kilo moja ya mkavu sharti iuzwe kwa bei isiyopungua mara 1.7 ya ile ya laini ili mapato yalingane, kabla ya kuhesabu kuni za ziada na usiku wa kukesha. Mahali ambapo wateja hawalipi tofauti hiyo, tanuri kubwa la kukausha halina kazi. Mchuuzi wa namna hiyo anahitaji jiko dogo linalowaka haraka, na afike sokoni mapema.

Kichanja na pipa

Kichanja cha fito au nondo juu ya shimo la moto hakimgharimu mtu fedha nyingi, na ndiyo sababu kimeenea. Tatizo lake ni kwamba joto jingi huponyoka pembeni, samaki hulala tabaka moja tu, na mbanikaji hulazimika kuwageuza mmoja mmoja kwa mkono, macho yakichuruzika machozi. Mvua ikinyesha, kazi imeishia hapo. Samaki wakidondoka motoni ni hasara nyingine.

Pipa la lita 200 ni hatua moja mbele. Hukatwa kifuniko cha juu, likatobolewa mdomo wa kuni chini, na nondo zikapitishwa ubavuni kubeba waya wa matabaka mawili au matatu. Upepo hausumbui sana, na kuni hupungua. Sifa yake kubwa ni kwamba linabebeka, hivyo linawafaa wanaohamahama kufuata samaki visiwani na kwenye makambi ya wavuvi. Yule anayebanika samaki wachache kila jioni kwa ajili ya soko la karibu naye hana sababu ya kutafuta kikubwa zaidi.

Kasoro za pipa ni mbili. Bati lake ni jembamba, hivyo halitunzi joto, na samaki wa tabaka la chini huungua wakati wa juu bado mbichi. Pili, linashika kutu na kutoboka. Aidha, mnunuzi ahakikishe pipa lilikuwa limebeba nini. Pipa lililohifadhi dawa za kilimo au kemikali za viwandani halifai kwa chakula, hata likichomwa na kuoshwa mara ngapi.

Chorkor: nguvu iko kwenye trei

Chorkor ni jina la kijiji cha wavuvi pembezoni mwa jiji la Accra, Ghana. Huko, kati ya mwaka 1969 na 1971, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Taasisi ya Utafiti wa Chakula ya Ghana zilishirikiana na wanawake wabanikaji kuboresha tanuri lao la asili. Tangu hapo muundo huo umesambaa katika nchi nyingi za Afrika.

Umbo lake ni rahisi. Ni kisanduku cha udongo au tofali ambacho urefu wake ni mara mbili ya upana, kikiwa kimegawanywa na ukuta katikati kupata vyumba viwili, kila kimoja na mdomo wake wa kuni upande wa mbele. Juu yake hupangwa trei za mbao zilizofungwa wavu wa waya, moja juu ya nyingine. Zile trei zikishapangana ndizo zinazokuwa bomba la moshi. Joto na moshi hupanda kupitia trei zote badala ya kutawanyika hewani, na kifuniko cha ubao huwekwa juu kabisa.

Faida yake ni kwamba moto mmoja huhudumia matabaka mengi, na trei zaweza kufika hata 15. Badala ya kugeuza samaki mmoja mmoja, mbanikaji huhamisha trei nzima: ya chini huenda juu, ya juu hushuka. Samaki hawavunjiki ovyo, rangi hulingana, na siku yenye samaki wachache chumba kimoja huweza kuwashwa peke yake.

Hata hivyo, Chorkor halihami. Aliyelijenga amefunga ndoa na mwalo huo. Trei nazo ni mbao na waya, hivyo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Mwenye kulijenga asiyetenga fedha ya trei hujikuta baada ya muda ana kuta nzuri zisizo na kazi.

FTT-Thiaroye na soko la nje

Kuna jambo ambalo Chorkor halikulimaliza. Samaki mwenye mafuta mengi kama sangara, mafuta yake yanapodondokea motoni huzua ule moshi mzito mweusi ambao hurudi kumganda samaki. Ndani yake mna kemikali zinazoitwa kwa kifupi PAH. Mojawapo, benzopireni, imewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, hauruhusu nyama ya samaki wa moshi kuwa na zaidi ya mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo moja. Kiwango hicho ni vigumu mno kufikiwa na samaki aliyebanikwa moja kwa moja juu ya kuni zinazowaka.

Ndiyo maana kuanzia mwaka 2008 chuo cha mafundi wa uvuvi cha Thiaroye, nchini Senegal, kilishirikiana na FAO kubuni tanuri la FTT. Hapa kazi mbili zimetenganishwa. Kwanza samaki huivishwa na kukaushwa kwa joto la makaa, huku sinia maalumu likikinga mafuta yasifike motoni. Baadaye moshi wa kutia ladha na rangi hutengenezwa kwenye chombo cha pembeni kwa kutumia mabaki kama vile makumbi ya nazi au makapi ya miwa, ukachujwa na kupozwa kabla ya kumfikia samaki.

Tanuri hili linampunguzia mbanikaji moshi wa machoni na kifuani, na kazi huendelea hata mvua ikinyesha. Suala la kifua si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mbanikaji hukaa kwenye moshi kwa saa nyingi kuliko mpishi wa kawaida.

Kwa upande mwingine FTT lina sehemu nyingi zaidi, linahitaji fundi wa vyuma anayejua anachofanya, na gharama yake ni kubwa. Mtu anayeuza mnadani hatalipwa zaidi kwa sababu samaki wake ana PAH kidogo. Habari njema ni kwamba vifaa vyake vikuu, yaani jiko la makaa, sinia la mafuta na chombo cha moshi, vinaweza kuongezwa kwenye Chorkor lililopo. Kwa hiyo aliyeanza na Chorkor hakupoteza njia. Anaweza kupanda ngazi soko likimruhusu.

Piga hesabu kabla ya kukopa

Tuseme mama mmoja anabanika kilo 100 kwa mkupuo kwenye kichanja na kupata kilo 29 za mkavu, ambazo anauza shilingi 12,000 kwa kilo. Kuni za mkupuo mmoja zinamgharimu 18,000. Kilo tatu huungua au kuvunjika, naye huziuza nusu bei, hivyo hupoteza 18,000 nyingine.

Akijenga Chorkor, tuseme kuni zinashuka hadi 10,000 na samaki walioharibika wanakuwa kilo moja, hasara ya 6,000. Ameokoa 8,000 kwenye kuni na 12,000 kwenye samaki, jumla 20,000 kwa kila mkupuo. Ikiwa tanuri, trei na paa vimemgharimu 1,200,000, anahitaji mikupuo 60 kurudisha fedha yake.

Sasa ndipo tofauti inapojitokeza. Akibanika mara mbili kwa wiki, mikupuo 60 inakwisha kwa wiki 30, kama miezi saba. Akibanika mara mbili kwa mwezi, itamchukua miaka miwili na nusu, na trei zitakuwa zimedai kubadilishwa kabla hajafika. Ikiwa fedha hiyo ni mkopo wa mwaka mmoja, anadaiwa 100,000 kila mwezi kabla ya riba. Yule wa kwanza anaokoa zaidi ya 160,000 kwa mwezi na ataumudu. Wa pili anaokoa 40,000, na itambidi auze kitu kingine ili alipe deni la tanuri.

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za mwaloni kwake, ila hesabu ni ile ile: gharama ya tanuri igawanywe kwa fedha inayookolewa kwa mkupuo, kisha mikupuo itazamwe pamoja na miezi ya samaki wengi na miezi mikavu. Anayekuta jibu linazidi mwaka mmoja na nusu ni afadhali aanze na pipa, au ajiunge na wenzake wajenge moja wakipokezana zamu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuulizia halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mambo ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

Trei ndizo za kutazamwa kwanza. Zote ziwe na kipimo kimoja na zikae bila kuacha mwanya, kwani moshi unaopenya kati ya trei ni kuni zilizopotea. Fremu zikalie katikati ya unene wa ukuta ili moto usizifikie. Macho ya wavu yalingane na samaki: wavu wa sangara hautabeba dagaa.

Pili ni kuta. Sehemu ya juu iwe imelala sawasawa, la sivyo trei zitainama na joto litakimbilia upande mmoja. Ndani ya chumba cha moto udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri huvumilia joto kuliko lipu ya saruji, ambayo hupasuka na kubanduka. Tanuri jipya la udongo liachwe likauke polepole kivulini kabla ya moto wa kwanza.

Tatu ni mahali. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani na usiku kutoka nchi kavu, hivyo midomo ya kuni ielekee ubavuni mwa pepo zote mbili, ili moto usipulizwe ukawaka kwa nguvu na kuunguza. Paa liwe juu, pande zikiwa wazi. Asijenge mtu karibu mno na maji pia. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa kabla ya hapo, na maji yakaingia mialoni. Tanuri lisilohama halisubiri somo la pili.

Nne, sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi mkupuo wa kwanza utoke. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hatakataa.

Tanuri zuri halimponyi mbanikaji mbaya

Tanuri lolote litaharibu samaki likitumiwa vibaya. Kosa la kawaida ni kuanza na moto mkali. Ngozi hukauka haraka na kuwa ngumu, maji yakafungiwa ndani, na samaki anayeng'aa leo akaota ukungu kwenye tenga wiki ijayo. Utaratibu unaofaa ni kuanza na moto mdogo mpaka maji ya juu yakauke, kuongeza joto ili nyama iive, kisha kushusha moto na kuacha moshi na joto la wastani vikaushe taratibu.

Samaki aoshwe kwa maji safi, atolewe matumbo, na mkubwa apasuliwe. Kumloweka kwa muda kwenye maji ya chumvi husaidia kukaza nyama na kuzuia wadudu. Kuni ziwe kavu na za mti mgumu usio na utomvu. Misonobari, mbao zenye rangi au dawa, na plastiki za kuwashia moto ni sumu juu ya chakula.

Kujua kama samaki amekauka kweli hakuhitaji mashine. Mtu apime samaki mmoja aliyesafishwa, amtie alama ya uzi, kisha ampime tena mwishoni. Aliyeingia na kilo moja anapaswa kutoka na gramu 300 hivi. Akitoka na gramu 450 bado ana maji, na hafai kufungwa kwenye kiroba cha safari ndefu.

Mwisho ni sheria. Sangara wasiofikia sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, na kuwabanika hakuwahalalishi. Mzigo mzima waweza kutaifishwa njiani. Anayetaka kufungasha kwa nembo yake atambue kuwa tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na anayevusha mpaka anahitaji kibali cha idara ya uvuvi.

Ushauri wa kitaalamu unapatikana kwa maofisa uvuvi wa wilaya na katika kampasi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), zikiwemo Nyegezi mkoani Mwanza, Kibirizi mkoani Kigoma na Mbegani, Bagamoyo. SIDO nao wana mafundi wa vifaa vya viwanda vidogo. Mbanikaji anayekwenda kuwaona afike na majibu matatu mkononi: anabanika kilo ngapi kwa wiki, samaki wa aina gani, na mnunuzi wake anamtaka laini au mkavu. Mwenye majibu hayo hatauziwa tanuri la mtu mwingine.